Barua ya Mama: Ampuli ya Mvuke, Mbabula na Pumzi ya Watoto



Mwezi huu ninajibu barua moja tu, kwa sababu ndani yake muko mambo mawili: moja la kuchekesha kidogo, ingine la kutisha. Mama mumoja wa kambi ya wafanyakazi anaandika ya kama dada yake anayeishi Ubelgiji alimutumia chombo cha umeme ndani ya koli. Ni sanduku ndogo. Chini kuko sahani ya chuma kisichoshika kutu, ya kutia maji. Juu kuko ampuli ndefu, nyembamba, inayowaka nyekundu. Chombo kinatoa mvuke. Jina lake ni umidifikatere ya infraruje, ni kusema chombo cha kutia unyevu mu hewa. Dada alikituma juu ya mutoto wa mama huyu, wa miaka mitatu, anayekohoa kila usiku tangu mwezi wa sita.

Baba ya nyumba hakubali. Anasema ampuli inakula umeme bure, tena ni uongo, kwa sababu moto wake haugusi hata maji. Na siku umeme unapokatika, mama anafanya kwa njia yake: anaingiza mbabula mu chumba cha watoto, anatia sufuria ya maji juu, anafunga mulango na dirisha ili mvuke usitoke. Anatuuliza nani ana haki, yeye ao bwana wake.

Mama, jibu langu la kwanza ni fupi, na ulifanye mbele ya kumaliza kusoma ukurasa huu: toa ile mbabula mu chumba cha watoto. Leo. Sababu nitaieleza pale chini, lakini toa kwanza.

Sasa tuanze na ampuli, maana baba anangojea jibu lake.

Anasema moto haugusi maji. Hapo, baba, umekosa. Fungua Yoane 18, usome tena ginsi Petro alivyoota moto pamoja na watumishi, usiku wa baridi. Ulikuwa moto wa makala, nao walikuwa wamesimama. Petro hakugusa makala. Na hewa ya moto haikumufikia usoni, kwa maana hewa ya moto inapanda juu. Hata hivyo alisikia joto. Kila mutu aliyekaa pembeni ya mbabula mu mwezi wa saba anajua: tumbo linaungua, mugongo unaganda. Mutu akipita kati yako na makala, joto linakatika mara moja, sawa vile kivuli kinavyokata nuru. Joto hilo linasafiri sawa nuru, lakini macho yetu hayalioni. Njo infraruje.

Aliyeligundua ni William Herschel, mwaka 1800, kule Uingereza. Wakristo watapenda kujua ya kama mutu huyu mbele alikuwa mupiga kinanda wa kanisa mu muji wa Bath, kisha akashikwa na hamu ya kuangalia nyota, hata mwaka 1781 akavumbua sayari Uranus. Siku moja alipasua nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, rangi zikatokea sawa upinde wa mvua, akaweka vipima-joto kwa kila rangi. Akaona joto linazidi kuelekea rangi nyekundu. Halafu akaweka kipimo kupita nyekundu, pahali ambapo jicho halioni rangi yoyote; hapo ndipo kilipanda zaidi. Kwa hiyo, ile rangi nyekundu ya ampuli yako, mama, ni mukia tu wa ngombe. Ngombe mwenyewe haonekani. Wafugaji wa vifaranga wanaifahamu kazi hii, maana wanawasha ampuli nyekundu ya namna hii juu ya vifaranga visife kwa baridi.

Maji yanapenda sana kukamata joto la namna hii. Hayaliache lipite mbali. Yale ya juu-juu njo yanalimeza karibu yote. Tazama tofauti na resho. Ukitia sufuria juu ya resho, joto linaanzia chini, na inafaa maji yote yapate moto mbele ya kuona mvuke wa maana. Lakini ampuli ya infraruje inapiga ngozi ya maji. Mvuke unaanza kutoka kisha sekunde chache, na maji ya chini bado hayajachemuka. Ukizima, mvuke unapunguka upesi. Ni chombo kinachotii haraka.

Kuko faida ingine ambayo mama wa Likasi wataielewa mbele ya wengine. Maji yetu ya Katanga, mu sehemu nyingi, yanapita mu mawe ya kalkere. Likasi ina Kakontwe karibu yake, pahali wanapochimba kalkere yenyewe. Angalieni ndani ya birika lenu: magamba meupe, magumu. Chombo ambacho chuma chake cha moto kinalala ndani ya maji kinavaa magamba hayo hata kinakufa. Hapa ampuli iko juu, haigusi maji, basi haivai kitu. Magamba yanabaki mu sahani, nawe unayasugua. Tena, kwa sababu maji yanapanda sawa mvuke wa kweli, kalkere na karibu mikrobe yote vinabaki chini. Vile vyombo vingine, vinavyopasua maji baridi kuwa ukungu kwa kutetemeka, vinarusha kila kitu kilichokuwa ndani ya maji: utaona vumbi nyeupe juu ya meza. Mimi, kama ni kuchagua kati ya hivyo viwili, ningechagua cha dada yako.

Lakini juu ya umeme, baba ana haki, tena haki kamili. Kugeuza litri moja ya maji ya kawaida kuwa mvuke kunaomba kadiri kilowati-saa 0,7. Kuyafikisha kuchemuka ni sehemu ndogo tu. Kuyageuza mvuke kunaomba karibu mara saba zaidi ya pale. Ampuli ya infraruje haiwezi kukwepa deni hilo. Resho halikwepi. Hata kitenge chenye maji ukianike mu chumba, nacho kinalipa deni lile lile, lakini kinaliiba mu hewa ya chumba, njo maana chumba kinapoa. Muuzaji akikuambia chombo chake cha infraruje kinatoa mvuke kwa umeme kidogo kuliko wengine wote, mupeleke kwa muuzaji wa dawa za kuongeza urefu.

Kwa kweli vyombo hivi havikutengenezwa mbele ya yote kwa nyumba ya mutu. Vikubwa vyake vinakaa ndani ya mashini za hewa za vyumba vya ordinatere, ku mabenki na makampuni makubwa, pahali hewa ikikauka sana umeme mudogo-mudogo unaruka na kuharibu vitu. Wachapaji nao wanajua shida hiyo. Mu mwezi wa munane karatasi inajikunja pembe, tena inashikana mbili-mbili sawa watoto wanaoogopa mbwa. Mupiga ngoma wa kwaya anajua: ngozi inajivuta, sauti inapanda, siku moja inapasuka. Kila kazi iliyo na karatasi, ngozi ao mbao inaogopa hewa kavu.

Sasa tuingie mu chumba chenyewe, tufanye hesabu. Wale waliosema hesabu haina kazi kisha shule, wakae karibu.

Hewa inabeba maji, lakini kwa kipimo. Kwa joto la digri 10, metre kyubu moja ya hewa inaweza kubeba kadiri grame 9 za maji. Kwa digri 20, kadiri 17. Kwa digri 30, kadiri 30. Wanaosoma mambo haya wanasema mu nyumba ni vizuri hewa ibebe kadiri nusu ya uwezo wake. Chini ya asilimia 30 midomo inapasuka na pua inakauka. Juu ya asilimia 60 uvundo na kuvu vinaanza kumea ku ukuta. Tuseme chumba cha watoto kina metre tatu kwa inne, na urefu wa metre mbili na nusu. Ni metre kyubu 30. Kwa digri 20, kukitoa asilimia 30 na kukifikisha asilimia 50 kunaomba kadiri grame 100 za maji. Nusu ya glasi! Kweli, hewa inatoka na kuingia, kwa hiyo inafaa kuongeza nusu glasi zingine usiku kucha. Lakini muone udogo wake.

Halafu uhesabu walalao. Mutu muzima aliyelala anatoa, kwa pumzi na kwa ngozi, kadiri grame 40 za maji kila saa. Mutoto anatoa kidogo kuliko pale. Mama anaandika ya kama mu chumba kile wanalala watoto wane na nyanya yao. Mama, una umidifikatere tano tayari, na hazilipiwi umeme! Ukitaka kuhakikisha, angalia manjanja asubuhi na mapema mu mwezi wa saba. Matone yanayoning'inia pale hayakutoka ku mvua, mvua haipo. Yametoka ku vifua vya watoto wako.

Kwa hiyo, mu miezi ya baridi, usiku, chumba chenye watu wengi hakikosi maji. Inje penyewe umande unalala ku majani. Ukavu wa kweli tunaupata muchana, zaidi mwezi wa munane na wa tisa, hata mwanzo wa wa kumi, wakati joto linapanda na mvua bado. Mutoto anayekohoa usiku wa mwezi wa saba, mu chumba kilichofungwa chenye watu tano, hana kiu ya mvuke. Ana kiu ya hewa safi. Kinachomusumbua mu hewa mara nyingi ni moshi, ao vumbi, ao kikohozi cha mutu mwingine anayelala pembeni yake.

Hapo tunafika ku mbabula.

Sikuite mbabula zambi. Mufalme Yehoyakimu alikuwa na yake mu nyumba ya baridi, someni Yeremia 36, na kosa lake halikuwa kuota moto, lilikuwa kuchoma kitabu cha nabii. Lakini tukumbuke Petro na wenzake walioteya moto wapi: mu kiwanja, inje, chini ya mbingu. Makala yakiwa mekundu, bila ndimi na bila moshi, tunawaza sasa ni safi, tunaweza kuyaingiza. Ni kinyume. Pale njo yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohoeshi. Mu damu yetu kuko kitu chekundu kinachobeba oksijene. Gazi hii inakishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijene yenyewe. Basi damu inaendelea kuzunguka, lakini mikono yake imejaa mizigo ya bure. Mutu anasikia kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa milaini. Ikiwa amelala, hasikii kitu. Analala zaidi tu.

Kuko wanaosema: lakini niliweka maji juu, maji yanakunywa sumu. Hapana. Maji hayakamati gazi hii. Hata sufuria mbili, hata ndoo, hata chumvi ao kitambaa chenye maji. Mvuke unapanda, gazi inapanda pamoja nao, kila kitu na safari yake. Na kufunga dirisha ili mvuke usitoke ni kufungia gazi ndani. Mbabula inayokaribia kuzimika, iliyoachwa pembeni ya kitanda kwa kuwa imebaki majivu na makaa matatu, nayo si rafiki.

Sisi wapasta tunaitwa ku mazishi ya namna hii kila mwaka wa baridi. Vitanda viwili, wakati mwingine vitatu. Na mbele ya jioni neno linaanza kutembea mu kambi: nani amewaloga? Wanatafuta shangazi muzee, ao mutoto yatima aliyepona kwa sababu alikuwa amelala karibu na mulango, wanasema yeye njo mulozi, ndiyo sababu hakufa. Ninaandika wazi: mutoto aliyelala karibu na mulango amepona kwa sababu ya mulango. Mutu akimufukuza ao kumupiga kwa neno hilo, amefanya ubaya juu ya ubaya, na kanisa linalokaa kimya linasaidia ubaya huo. Kabla ya kuuliza nani, muulize mbabula ilikuwa wapi.

Mukikuta watu mu chumba wakiwa na kichwa wote pamoja, bila homa, ao mumoja hasikii tena, mufungue mulango na madirisha, muwatoe inje ku hewa, mwende ku lopitalo pahali pa oksijene. Na mujiangalie: aliyeingia kuwaokoa anaweza kuanguka naye.

Baridi je? Wengi wananiuliza hivyo. Tia matofali mawili ya kuchoma karibu na makala, inje. Yakishika moto vizuri, yaingize peke yake mu chumba, juu ya kipande cha bati, mbali na mikono ya watoto. Tofali linatoa joto lile lile la infraruje lililomuota Petro, na halitoe gazi. Wazee walifanya hivyo kwa mawe. Ao chupa ya maji ya moto, imefungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, itiwe mu kitanda mbele ya mutoto kulala, kisha itolewe.

Turudi kwa mutoto mwenyewe, maana mvuke na umeme vimetuchukua mbali naye. Tangu mwezi wa sita! Kikohozi kilichopita wiki mbili hakiombi koli kutoka Ulaya, kinaomba munganga. Inafaa wapime kifua kikuu, kwake na kwa nyanya anayelala naye, na kwa baba. Dawa zake hutolewa bure. Baba akiwa anafanya kazi mu mavumbi ya mawe, ajue ya kama vumbi ya silika inaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mulango. Asiogope kupimwa, na nguo za kazi azivue inje, zisipigwe-pigwe mu nyumba.

Na usiku, mama, jifunze kuhesabu pumzi. Mutoto akiwa ametulia, halii, chukua saa, angalia tumbo linavyopanda, hesabu dakika moja nzima. Kwa mutoto wa mwaka mumoja mpaka tano, pumzi 40 ao zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili mpaka kumi na moja, 50. Kwa aliye chini ya miezi miwili, 60. Akifika hapo, ao sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani wakati anavuta pumzi, ao hawezi kunywa, usingojee asubuhi. Hapo usianze kumufunika blanketi juu ya sufuria inayochemuka. Mvuke haukupatikana kuwa dawa ya ugonjwa wa mapafu, lakini watoto walioungua na maji ya sufuria hiyo, waganga wanawajua.

Neno moja juu ya kile wanachotia mu maji. Wengine wanatia Javel, wengine mafuta ya kupaka kifua, wengine sabuni. Kule Korea ya Kusini watu walikuwa wananunua dawa ya kuua mikrobe ya kutia ndani ya umidifikatere, imeandikwa ni salama. Mwaka 2011 wakaja kutambua ya kama watu walioivuta mu mvuke, wamama wenye mimba na watoto wadogo kati yao, mapafu yao yalikuwa yameharibika, na mamia ya watu walikufa. Dawa ambayo ku ngozi haina ubaya mukubwa, mu mapafu ikawa sumu. Maji matupu, basi.

Na chombo cha dada? Usikitupe, na usimutukane baba. Kiwashe muchana wa mwezi wa tisa, wakati pua ya mutoto inatoka damu kwa ukavu, umeme ukiwepo, saa moja ao mbili, dirisha wazi kidogo. Kiweke juu, pahali mutoto hafiki, maana ampuli ile inaunguza bila kuonyesha ukali. Matone yakianza ku dirisha, zima. Kila siku mwanga maji yaliyobaki, usiongeze mapya juu ya ya jana. Magamba meupe mu sahani yasugue na maji ya ndimu, uyaache nusu saa, umeme ukiwa umetolewa ku ukuta, halafu suuza.